Jambiani na watoto: kwanza uliza maji

Familia inayofika Jambiani kwa mara ya kwanza asubuhi ya bamvua hupata mshangao: bahari haipo. Mbele ya nyumba kuna mchanga mweupe, kisha vidimbwi, kisha mashamba ya mwani yaliyobaki wazi. Ngalawa zimekaa chini zikiegemea mbao zake za kando. Mbali kabisa unaonekana mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba. Watoto waliokwisha kuvaa nguo za kuogelea huuliza maji yamekwenda wapi.

Swali hilo ndilo la kupangia likizo nzima. Katika kijiji hiki cha wavuvi, pwani ya kusini mashariki ya Unguja, zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini, saa ya ukutani ina kazi ndogo. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, maji yanapokwenda mbali sana na kurudi kwa wingi. Tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Katikati yake ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala haiji juu sana. Siku za bamvua hapa maji hukauka mnamo saa nne asubuhi na hujaa alasiri. Kwa hiyo asubuhi ni ya kutembea na alasiri ni ya kuogelea. Wiki ya maji mafu mambo hugeuka, na aliyepanga ratiba yake Dar es Salaam bila kutazama mwezi atajikuta anawazuia watoto kuogelea mchana kutwa.

Kila jioni, basi, mzazi amuulize mwenyeji: "Kesho maji yanakauka saa ngapi?" Kila mtu kijijini analijua jibu, hata mtoto wa darasa la tatu.

Kuuliza huku si kwa ajili ya starehe tu. Maji yanaporudi hayaji kama ukuta kutoka mbele. Hujaza kwanza mabonde na vijito vya chini, mara nyingi nyuma ya mtu aliyesimama juu ya fungu la mchanga akiangalia kaa. Mtu mzima atarudi maji yakiwa magotini. Mtoto wake yatamfika kifuani. Dawa yake ni rahisi: watazameni wanawake wa mwani. Wakianza kubeba magunia kuelekea pwani, familia nayo igeuke, hata kama mtoto ndiyo kwanza amemwona pweza. Na milango ya mwamba, pale mkondo unapotoka kwenda bahari kuu, si mahali pa watoto wakati wowote.

Viatu ni vya lazima. Kandambili hunasa kwenye matope na kubaki huko; vinavyofaa ni vile vya mpira vinavyofunga kisigino. Katika mashimo ya mawe hujificha viumbe vyenye miiba mirefu myeusi inayokatikia mguuni, na taa hupenda kulala chini ya mchanga wa maji mafupi. Mtoto afundishwe kuburuza miguu badala ya kukanyaga, ili taa asikie na kuondoka mapema.

Baada ya hapo, mwendo wa saa moja na nusu kwenye maji makavu humpa mtoto mambo ambayo kitabu cha sayansi hakimpi. Kuna kiti cha pweza, chekundu au cha kijivu chenye vinundu. Kuna jongoo bahari aliyelala kama soseji iliyosahauliwa. Kuna kaa wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono na kuhama nyumba kila wanapokua. Hii ndiyo sababu ya kutookota makombe ya kupeleka nyumbani: linaloonekana tupu leo ni nyumba ya mtu kesho. Kutazama na kupiga picha kunatosha. Kiti cha pweza nacho kisitolewe majini ili mtoto apigwe nacho picha. Huumia haraka kikiwa nje ya maji.

Mashamba ya mwani yanastahili asubuhi yake. Kilimo hiki kilianza katika pwani hii mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Vijiti hupigiliwa mchangani, kamba hufungwa kati yake, na vipande vya mwani huning'inizwa kwenye kamba. Baada ya wiki kama sita huvunwa, huanikwa na kuuzwa ukiwa mkavu. Sehemu kubwa husafirishwa nje, ambako hutolewa utomvu wa kugandisha vyakula, vipodozi na dawa ya meno. Mtoto akiambiwa kwamba huenda aliwahi kupiga mswaki kwa kitu cha hapa, hufungua macho. Lakini asiachwe na picha ya kazi nyepesi ya juani. Wakulima hawa hukaa ndani ya maji ya chumvi kwa saa nyingi wakiwa wameinama, bei ya mwani ni ndogo, na aina ya kotonii, inayolipa zaidi, imekuwa ikifa maji yanapozidi joto. Anayetaka kuonyeshwa kazi aombe, akubaliane malipo, na watoto wapite kando ya kamba bila kuziruka.

Karibu na pwani kuna marundo ya mawe ambayo mgeni huyadhania takataka. Chini yake yamefukiwa makumbi ya nazi. Hukaa humo kwa miezi hadi yalainike, kisha hupondwa kupata usumba wa kusokota kamba. Harufu yake wakati wa kufukuliwa ni kali mno. Watoto huipenda kwa sababu hiyohiyo.

Maji yanaporudi, wavuvi nao hurudi. Ngalawa hupanda hadi karibu na minazi, na samaki hushushwa: changu, tasi, pono, chewa, siku nyingine ngisi na pweza. Palepale kuna mnada, wachuuzi wa baiskeli wamesimama tayari. Huu ni wakati wa biashara ya watu, kwa hiyo familia isimame kando na kusikiliza. Mnada ukiisha, mtu anaweza kununua samaki wake na kumwomba mwenyeji ampike kwa nazi. Mtoto asiyekula samaki nyumbani mara nyingi hula aliyemwona akishuka chomboni.

Kupanda ngalawa ni jambo ambalo kila mtoto ataomba. Chombo hiki kilichochongwa kutoka gogo, mara nyingi la mwembe, ni imara kuliko kinavyoonekana, na ndani ya mwamba maji huwa matulivu. Hata hivyo mzazi aombe jaketi okozi zenye vipimo vya watoto kabla ya kukubaliana bei. La mtu mzima humtoka mtoto kichwani akianguka majini. Nahodha asipokuwa nazo, safari isubiri kesho. Wakati huo watoto wana mbadala mzuri: vijana wa kijiji huchonga vingalawa vya kuchezea, huvitengenezea tanga kwa mfuko wa plastiki na kuvishindanisha kwenye maji mafupi. Mgeni mdogo akikaa karibu kwa dakika kumi, ataitwa.

Adabu za kijiji hazina ugumu. Wakubwa huamkiwa shikamoo, na mtoto hasubiri kusukumwa. Nguo za kuogelea ni za pwani. Kwa kwenda dukani, mama hujifunga kanga na baba huvaa shati. Hakuna anayepigwa picha bila kuombwa, hasa wanawake walio kazini. Ijumaa adhuhuri kijiji hutulia kwa sala. Mwezi wa Ramadhani, kula na kunywa mchana hufanyika ndani.

Likizo ya Juni na Julai huangukia kusi: hewa si ya joto kali, lakini upepo ni mwingi upande huu na mwani wa porini hulundikana ufukweni. Desemba ni kaskazi, joto na jua kali, na mtoto huungua kabla hajalalamika. Julai ina zawadi yake: Mwaka Kogwa huko Makunduchi, jirani tu, ambako wanaume hupigana kwa migomba na kibanda cha makuti huchomwa. Watoto wadogo wakae mbali kidogo na uwanja.

Siku moja inaweza kwenda Kizimkazi. Msikiti wa Dimbani una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107; mgeni huomba ruhusa, huvua viatu na kujisitiri. Wengi hata hivyo hufuata pomboo. Hapa ndipo mzazi ana kazi. Mashua nyingi zikiwakimbilia, pomboo hukosa nafasi ya kupumzika na kunyonyesha watoto wao, na mahodha hukimbiza kwa sababu abiria hulipa ili waruke majini juu yao. Kabla ya kuondoka, baba au mama amwambie nahodha waziwazi kwamba familia haitaruka wala haitaki kukimbiza: azime mashine mbali, angoje, na malipo yatakuwa yaleyale hata wasipoonekana. Nahodha akikubali, wapande. Akisitasita, amtafute mwingine. Kizimkazi haina upungufu wa mashua.