Donge la Unga

Kila jioni kabla ya kwenda kazini nilikanda unga wa ngano, na haukuwa wa chapati. Ngoma yangu, pakhawaji, ina nyuso mbili, na ule wa kushoto hautoi sauti nzito mpaka uubandike donge la unga mbichi. Ukimaliza kupiga, unalikwangua. Kwa donge hilo nililea watoto wangu mjini Pune, nikiwapigia waimbaji wa abhangi, nyimbo ambazo watakatifu wa Maharashtra kama Dnyaneshwar na Tukaram walimtungia Vitthal, mungu wa Pandharpur.

Sehemu iliyonitoa jasho ni pale maneno ya wimbo yanapokwisha, likabaki jina tupu. Vitthal, Vitthal, mithili ya mtu avutaye uradi. Mapigo yake ni manane tu, hata mtoto huyaweza. Lakini mwimbaji aliyelelewa na raga za muziki wa jadi wa Kihindi hulichukua jina hilo fupi akalipandisha, akalilaza, akalizungusha, na mpiga ngoma sharti atulie chini yake kama sakafu. Nilimsikia mwimbaji Bhimsen Joshi akiliimba, mimi nikiwa kijana nimekaa chini kwenye mkeka. Sauti ile ya kifua, nzito kama radi ya masika, ilinitoa machozi, na mpaka leo sijasikia nyingine inayoifikia.

Nikiwa na miaka ishirini na mitano niliharibu. Ukumbi ulijaa, watu wakaanza kupiga makofi, nami yakanilevya. Nikaongeza kasi. Kuja kushtuka, mwimbaji amenyamaza, ananitazama, na ngoma inakimbia peke yake. Tulipotoka aliniambia kwa upole, “Mwanangu, Vitthal amesimama juu ya tofali. Wewe unakwenda wapi?”

Kisa cha tofali hilo kila mtoto wa kwetu anakijua. Mungu alimtembelea Pundalik, akamkuta akiwahudumia wazazi wake. Pundalik akamtupia tofali asimame hapo, amsubiri. Basi yupo mpaka leo, mikono kiunoni.

Mwaka uliofuata nilijifunga ngoma shingoni nikaungana na mahujaji watokao Alandi, mwendo wa kilomita 250 hivi kwa miguu, karibu majuma matatu, ili kufika Pandharpur kwa sikukuu ya Ashadhi Ekadashi. Kwenye mwinuko wa Dive Ghat mvua ikatushukia. Unga ukalowa, ukateleza, ukaanguka njiani, na uso wa kushoto ukafa ganzi. Nilitaka kusimama. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Matoazi yaliendelea, jina likaendelea, na kando yangu bibi mmoja alikuwa akipanda polepole, kichwani amebeba mche mtakatifu wa tulsi, kila hatua na jina lake. Nikapiga kwa mkono wa kulia peke yake, nikifuata miguu yake.