Mgeni, Jembe na Platini

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni nadra methali hii kuhusishwa na maabara. Hata hivyo, yaeleza barabara kazi ya platini, metali adimu inayopita mikononi mwa mafundi wa Eastlands, jijini Nairobi, kila uchao.

Tutazame gereji zilizotapakaa kutoka Makadara hadi Kariobangi. Chini ya magari mengi yaliyoagizwa kutoka Japani, katika bomba la moshi, mna chombo chenye sega la vitundu lililopakwa chembechembe za platini na metali za jamii yake. Kaboni monoksidi, gesi yenye sumu, hukutana humo na oksijeni ikageuka kaboni dioksidi, ilhali platini yenyewe haipungui. Ndiyo maana huitwa kichocheo. Petroli yenye risasi, ambayo Kenya iliachana nayo mwaka 2006, iliharibu vyombo hivi. Siku hizi chombo kikiziba, baadhi ya mafundi hukikata, wakaunga bomba tupu na kukiuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Hasara huvutwa na mapafu ya wakazi wa mtaa.

Je, kichocheo bora ni kipi? Mfaransa Paul Sabatier, aliyetuzwa Nobel mwaka 1912, alifunza kuwa kichocheo hakipaswi kushika kwa nguvu mno wala kwa ulegevu mno. Mgeni asiyeshikwa huondoka kabla ya kupewa jembe. Anayekumbatiwa kupita kiasi haondoki, na wengine wakakosa nafasi.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya platini katika seli zinazounganisha haidrojeni na oksijeni ili kuzalisha umeme. Mwaka 2004, Jens Nørskov na wenzake nchini Denmark walionyesha kwa hesabu za tarakilishi kwamba platini huing'ang'ania oksijeni kuliko inavyofaa. Hesabu hizo hufuatilia elektroni za atomi, zikiegemea nadharia iliyompatia Walter Kohn Nobel mwaka 1998. Tiba mojawapo ni kuichanganya platini na metali nyingine ili mshiko ulegee kidogo. Mwaka 2007, watafiti nchini Marekani walitangaza kuwa uso wa aloi ya platini na nikeli ulifanya kazi hiyo takribani mara 10 zaidi ya platini tupu.

Elimu hii si ya ng'ambo pekee. Mwaka 2012, mji wa Eldoret uliandaa ASESMA, mafunzo ya Afrika kuhusu ukokotoaji wa mienendo ya elektroni. Lakini mafunzo hayo na gereji ya Kariobangi havijakutana. Fundi huijua bei ya chombo anachokikata; kazi yake hajaelezwa kwa lugha anayoizungumza.

Hapa pana deni la wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Msamiati haukosekani: kichocheo limetokana na kuchochea, kazi ya kila jiko la Eastlands, na mchochea moto hateketei pamoja na kuni. Atakayeyaandika haya kwa Kiswahili fasaha, kisha akayafikisha gerejini, atakuwa ameihifadhi hewa wanayoivuta watoto wa Kayole na Dandora. Lugha iliyompa mgeni jembe haishindwi kumkabidhi fundi maarifa.