Ulimbo na Umande

Kijana wa Tlawi, huko Mbulu, alipotamani kuotesha mmea ulao wadudu, kwanza alitazama ng'ambo: Carolina ya Marekani, kwao ule ufumbao majani kama kinywa, Shelisheli, kwao ule wenye majani mfano wa gudulia. Hakujua kuwa Tanzania nayo inayo mimea ya jinsi hiyo. Iko drosera, yenye vinywele vya ulimbo ung'aao kama umande. Iko utrikularia, isiyo na mizizi, imezayo vijidudu vya majini kwa vibofu vyake, upesi kuliko kope kupepesa. Ulafi? La, ni ufukara: makazi yao yamewanyima naitrojeni, nao huiwinda.

Kuiona ni rahisi kuliko kuipata. Katika North Carolina, tangu 2014, kuung'oa porini ule mmea wa kinywa bila ruhusa ni kosa kubwa la jinai. Kinamasi cha Tanzania mara nyingi hakina mlinzi ila haya ya mjaji. Basi na achume mbegu chache za drosera, tena kwa idhini ya wenye ardhi. Azipe maji ya mvua, jua tele, na (hapa mkulima wa mahindi atashangaa) asitie samadi hata chembe: shibe hiyo huua.

Beseni limekwisha kutegwa chini ya mchirizi wa bati, mbegu bado.