Subira Haimaliziki kwa Neno

Ndugu zangu Waislamu, mwaka jana mjane wa marehemu ndugu yangu alirejea hapa Gorong'a kutoka Bugando, Mwanza, na khabari ya saratani ya titi. Majirani walimjia wakilia kama waliokuja matangani. Mimi nikamwambia, "Subiri," nikaenda zangu. Usingizi ukamruka, chakula kikamshinda.

Siku moja akasema: "Shemeji, subira ninayo, sina wa kukaa nami usiku, hofu inaponijia."

Nilitahayari. Nabii Yaakub (A.S.) alimlilia Yusuf hata akapofuka, na imani yake haikupungua. Basi huzuni ya mgonjwa si kosa la kukemewa.

Tangu hapo mke wangu hukesha kwake, nasi humsindikiza sote wawili matibabuni. Sasa anakula. Tuwazuru wagonjwa, na tukae.