Usiuze Hiyo Kompyuta ya Zamani Bado

Wacha niseme mapema ndio tusikosane: kompyuta nyingi ambazo watu hapa Chepilat wanaziita "mzee kwisha" bado zina miaka kadhaa ya kazi ndani yake. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa nazo jioni moja akiwa na bisibisi, flashi na subira.

Nasema hivi kwa sababu mashine tatu za saiba ya shangazi yangu zimepita mikononi mwangu. Zote ni ex-UK, i5 kizazi cha tatu, yaani za 2012 hivi, RAM ya GB 4. Fundi mmoja alizitazama dakika tano akasema ni za kutupa, shangazi anunue zingine. Hesabu aliyopiga ingekula bonasi yote ya majani na bado deni libaki. Na bonasi ya Oktoba 2025, mnajua wenyewe ilivyokuwa huku kwetu. Mwezi huo huo, tarehe 14, Microsoft ikaacha kuhudumia Windows 10 bure. Kwa hivyo wasee wengi walisikia ujumbe mmoja kutoka pande mbili: nunua mpya. Pesa hakuna, lakini nunua mpya.

Mimi nasema tulia kwanza. Uliza mashine iko slow kwa sababu gani.

Mara nyingi shida ni diski, prosesa haina neno. Hebu fikiria kituo cha kununua majani saa kumi jioni. Karani ni mmoja, mizani ni moja, na kila mtu amefika na gunia lake. Hata karani awe na bidii namna gani, foleni itakuwepo. Diski ya zamani iko hivyo. Ndani kuna sahani inayozunguka mara 120 kwa sekunde na mkono mmoja unaokimbia huku na huko kutafuta faili. Mkono huo unaweza kuhudumia maombi kama mia moja hivi kwa sekunde, yakiwa yametawanyika. SSD haina mkono wala sahani, na inahudumia maelfu kwa maelfu. Ndio maana ukiniuliza pesa ya kwanza iende wapi, nakwambia SSD, kisha RAM. Mashine ya kwanza ya shangazi ilikuwa inachukua kama dakika nne kabla uweze kufungua kitu. Baada ya SSD ya GB 240, haifiki nusu dakika. Prosesa ni ile ile.

Lakini kuna kazi ya bure ya kufanya kabla ya kutoa hata shilingi.

Punguza foleni ya asubuhi. Kwenye Windows 7, bonyeza Start, andika msconfig, ingia "Startup", toa tiki kwa kila kitu ambacho hukihitaji mashine ikiwaka. Kwenye Windows 10, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, utapata orodha hiyo hiyo. Nilikuta programu 17 kwenye mashine moja, kati yao tatu za printa ambayo ilishauzwa kitambo. Antivairasi usiguse, hiyo ibaki.

Punguza madoido. Windows 7 ilipotoka Oktoba 2009 ilikuja na Aero, yale madirisha ya kioo. Ni mazuri, lakini kwa mashine yenye kadi dhaifu ya picha ni mzigo. Kwenye "Performance Options" chagua "Adjust for best performance", kisha urudishe tiki moja tu, ile ya kulainisha kingo za herufi. Ukiisahau hiyo moja, maandishi yatakuwa na meno kama msumeno na macho yatakuuma.

Acha nafasi kwenye diski. C ikijaa mpaka pomoni, Windows inakosa pa kuwekea faili zake za muda. Hamisha video na sinema kwingine. Kama ni diski ya sahani, ipangue kwa "Defragment". Kama ni SSD, usifanye hivyo, unaichosha bure.

Fungua kifuniko. Vumbi la barabara hii yetu ya Sotik kwenda Kisii linaingia kila mahali. Feni ikizibwa, prosesa inapata joto, na ikipata joto inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Brashi ya rangi na dakika kumi zinatosha. Chomoa umeme kwanza, tafadhali.

Na jambo ambalo sitalipunguza makali: zile programu za "ongeza kasi mara kumi kwa kubofya mara moja" ni za kukupotezea wakati. Kompyuta iliyolemewa haiwezi kupata nafuu kwa kuongezewa programu nyingine inayowaka kila asubuhi. Nyingi zinakuonyesha makosa mamia, zinakutisha, halafu zinadai pesa. Zingine zinakuja na virusi kabisa. Kila kitu zinachoahidi, Windows yenyewe inacho tayari.

Sasa tuje kwa urembo, maana kuna watu wanaona kubadilisha sura ya kompyuta ni mchezo wa watoto. Mimi sikubali. Mnakumbuka Windows 7 Starter, ile iliyokuja na vilaptopu vidogo? Ilikuwa hairuhusu hata kubadilisha picha ya nyuma. Yaani umenunua mashine kwa pesa yako, lakini picha ya mama yako huwezi kuiweka. Hata Windows 10 isiyo na leseni inafunga mipangilio hiyo hiyo. Basi kuamua sura ya mashine ni sehemu ya kuimiliki, na wenye kampuni wanalijua hilo vizuri, ndio maana wanalifunga.

Kwa saiba, sura pia ni kazi. Chepilat iko mpakani. Upande huu Bomet, upande ule Nyamira, na wateja wa shangazi wanatoka pande zote mbili. Mmoja anaongea Kikipsigis, mwingine Ekegusii, na wote wakifika kaunta wanakutana kwa Kiswahili. Kwa nini basi mashine iwasemeshe Kiingereza peke yake? Microsoft ilishatoa kifurushi cha Kiswahili cha Windows 7, na hata Windows 10 inacho. Mapema zaidi, mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hiki si kitu kigeni. Sisi tu ndio hatukifungui.

Nilichofanya ni kidogo sana. Nilifuta ikoni 30 na zaidi zilizojaa kwenye skrini, nikaacha tano, nikazipa majina: Andika Barua, Intaneti, Skani, Picha, Faili za Leo. Nikaongeza ukubwa wa herufi. Nikaweka picha ya nyuma ya rangi moja, kijani cha majani, ili ikoni zionekane. Siku hizi kuna mzee anayeingia, anakaa, anafungua Andika Barua mwenyewe. Zamani alikuwa akimwachia shangazi kila kitu, hata barua ya mambo ya shamba lake ambayo pengine hakutaka mtu mwingine aisome.

Hapo ndipo kuna sehemu ambayo watu wa "ongeza kasi" huwa hawaisemi. Mashine inaweza kuwa na kasi na bado ikawa hatari. Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Chrome nayo iliacha kuihudumia 2023. Mei 2017, WannaCry ilipozunguka dunia na kufunga kompyuta mpaka za hospitali za Uingereza, nyingi zilizopatikana zilikuwa Windows 7 ambazo hazikuwa zimesasishwa, ilhali dawa ilikuwa imetoka Machi. Sasa fikiria saiba. Mwanafunzi anaandika nywila yake ya HELB. Mwenye duka anaingia iTax. Mtu anafungua eCitizen. Siri za mtaa mzima zinapita kwenye kibodi moja. Kuwaambia wateja "iko fasta siku hizi" bila kulinda siri hizo ni kuwauza.

Kwa hivyo tuligawanya. Mashine moja imebaki na Windows 7, lakini haina intaneti kabisa. Ni ya kuchapa na printa ya zamani ambayo inaelewana nayo tu. Hizo mbili zingine niliziwekea Linux Mint ya Xfce, toleo la 22, ambalo litahudumiwa mpaka 2029. Ni bure, inaridhika na RAM ya GB 4, na unaweza kuijaribu kutoka kwa flashi kabla hujaiweka. Menyu nimeiweka chini kushoto, pale pale watu walipoizoea. Wengi hawajagundua kuwa Windows imeondoka.

Siwadanganyi kwamba inafaa kila mtu. Kama kazi yako inategemea Photoshop au programu fulani ya hesabu za kampuni, Linux itakusumbua. Kama uko Windows 10, Microsoft imeongeza masasisho ya usalama kwa wanaojiandikisha mpaka Oktoba 2026, hiyo inakupa muda wa kujipanga. Na kama ubao mama umekufa, umekufa, muache apumzike.

Lakini kama inawaka, mpe nafasi. Kwa shangazi, gharama yote ilikuwa SSD tatu na RAM mbili za mitumba, chini ya bei ya mashine moja tuliyoambiwa anunue. Zilizobaki zililipa karo.

Wewe mashine yako ina miaka mingapi, na ni nani alikuambia ni ya kutupa? Alikuwa anauza nyingine?