Mpole Si Mgonjwa

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Sitaki kubishana na wahenga, lakini mwaka jana kidimbwi cha nyanya yangu kilinifunza kwamba samaki si wamoja. Kila mmoja ana tabia yake, na tabia hiyo nusura initoe shuleni.

Kidimbwi chenyewe kiko nyuma ya nyumba yetu, kando ya shamba la mihogo, mwendo wa nusu saa kutoka mjini Busia. Ni kimoja kati ya vile vilivyochimbwa kuanzia mwaka 2009, serikali ilipoleta mpango wa kufufua uchumi na kuwachimbia wakulima vidimbwi vya mita za mraba 300. Majirani wengine waliviacha vikamea nyasi. Nyanya hakukiacha chake. Tangu babu alipofariki, karo yangu hutoka humo majini.

Mwezi wa Januari tulitia vifaranga 1,000 vya ngege. Kazi ya kuwalisha ilikuwa yangu, asubuhi kabla ya kuja shule na jioni nikirudi. Kwa haraka ya kuwahi kengele, nilikuwa nikisimama pale pale karibu na njia, namwaga bakuli zima mahali pamoja, kisha natoka mbio.

Maji yalichemka! Samaki wakubwa walirukiana kama vijana wa bodaboda basi la Nairobi linapoingia steji. Mnanielewa, maana jina bodaboda lenyewe lilizaliwa hapa petu mpakani. Majasiri walishiba. Wanyonge walibaki pembeni penye matete, miili imekuwa myeusi, hawasogei.

Mwezi wa Agosti tukavua. Mama mmoja anayewakaangia madereva wa malori kule Malaba alikuja na ndoo zake, akawachambua. Wakubwa aliwachukua, wadogo akawaacha. "Mama, huyu dereva atashiba kweli?" alimwuliza nyanya. Pesa hazikutosha karo ya muhula wa tatu. Nilikaa nyumbani siku nne.

"Kukhu, hawa wadogo ni wagonjwa," nilisema kwa hasira. "Tuwakaange tu, tuanze upya."

"Mjukuu wangu," akanijibu, "wewe pia darasani hunyoshi mkono. Kuna mtu ametaka kukukaanga?"

Nilicheka, lakini maneno yaliniingia. Kesho yake nyanya alimwita afisa wa uvuvi. Afisa alichuchumaa ukingoni, akatazama, akatueleza. Ngege wana ubabe. Anayeshinda hutawala mahali pazuri na kula kwanza. Anayeshindwa mwili wake huwa mweusi, kana kwamba anasema, "Yaishe, nimekubali." Kuonewa kila siku humzidishia mwilini homoni iitwayo kotisoli. Ikidumu, hamu ya kula hupungua, ukuaji hudumaa na kinga ya mwili hudhoofika, hata kidonda kidogo kikaingia ukungu. Kwa hiyo samaki wetu hawakudumaa kwa ugonjwa. Wangeweza kuugua kwa kuonewa.

Alituonya pia kwamba si kila mdogo ameonewa. Jike la ngege hukua polepole kuliko dume, kwa kuwa nguvu zake huishia kwenye mayai, na akiyaatamia mdomoni huwa hali kitu. Na ujasiri nao una bei yake: mimi mwenyewe nimemwona korongo akimnyakua yule aliyeibuka wa kwanza.

Basi, tuligawa kidimbwi kwa wavu, wadogo tukawaweka upande wao. Nami nikaacha kumwaga. Nilizunguka ukingo wote nikirusha konzi kwa konzi, nikiamka mapema zaidi. Wiki ya kwanza hawakutokea. Ya pili wakaanza kuchungulia. Ajabu ni kwamba miongoni mwa wale wanyonge walizuka wababe wapya! Lakini kwa kuwa chakula kilienea kila mahali, hakuna aliyeweza kukilinda chote.

Krismasi ilipokaribia, wengi walikuwa wamepita kiganja changu. Si wote. Kama thelathini hivi walibaki vile vile, na hao tuliwala kwa ugali wa mtama na muhogo. Yule mama wa Malaba alirudi, akawageuza-geuza, akauliza, "Hawa mmewanunua wapi?" Nyanya hakumjibu. Alitabasamu tu, akahesabu noti. Januari niliingia kidato cha tatu bila deni.

Ndugu msomaji, kwa miezi minane niliwalaumu samaki, kumbe kosa lilikuwa la mkono wangu. Siku hizi bado sinyoshi mkono haraka darasani. Lakini mwalimu akilipitisha swali dawati kwa dawati, likinifikia, nami hujibu.