Picha Iliyotangulia Neno

Mzee wa Kisauni aliyekuwa kijana mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiulizwa habari za Lance Spearman, huenda asikumbuke kisa hata kimoja hadi tamati yake. Lakini kofia, sigara nene na gari la Corvette Stingray atavieleza kana kwamba aliviona jana. Kumbukumbu ya aina hiyo yadokeza jambo ambalo wahakiki hulipita upesi: katika hadithi za kusisimua, picha ni sehemu ya usomaji wenyewe.

Jarida la African Film, lililotolewa na wachapishaji wa Drum, lilisimulia visa vya Spearman kwa picha za kamera na maneno machache ya Kiingereza. Kijana wa Likoni au Changamwe mwenye Kiingereza haba aliweza kumfuata mpelelezi huyo kwa macho. Nakala moja ilitosha baraza nzima: mmoja akisoma, wenzake wakitazama.

Hata hivyo, mkono wa picha hutoa na hutwaa. Riwaya ya Wilkie Collins, The Woman in White, ilitolewa kwa mfululizo mwaka 1859 hadi 1860. Huko Uingereza ilichapishwa bila michoro katika All the Year Round. Huko Marekani, Harper's Weekly liliitoa pamoja na michoro ya John McLenan. Msomaji wa London alijiuliza nini kitatokea. Mwenzake wa New York, ambaye jicho lake liliweza kuangukia mchoro kabla ya aya, alijiuliza itakuwaje hadi mambo yafike pale. Taharuki ilibaki, ila swali lilibadilika.

Katika Kiswahili, Faraji Katalambulla alizijua njia zote mbili. Riwaya yake, Simu ya Kifo (1965), ilimwachia msomaji kazi ya kuziumba sura za wahusika. Film Tanzania, gazeti lake la hadithi za picha, lilimkabidhi sura hizo tayari.

Riwaya ilipata rafu maktabani na nafasi katika tahakiki. Gazeti la picha, likishachakaa, huishia kufungia karanga. Basi anayetaka kuandika historia ya usomaji Mombasa bara hana budi kwenda barazani, akawaulize wazee walichokiona, kabla hawajaondoka nacho.